Siku Ndege Yangu Ilipotua Makina

Picha ya aibu yangu bado imetundikwa mlangoni pa studio ya Mama Halima, pale Makina, Kibera, kwa hivyo afadhali mkisikie kisa chenyewe kutoka kwangu.

Ilikuwa mapema 2008, fujo za uchaguzi zimetulia kidogo lakini watu bado wanatazamana kwa pembe ya jicho, na Mama Halima, Mnubi aliyenipa pa kulala bila kuniuliza kabila, hakuwa anapata mteja hata mmoja. Akaniambia, "Jumamosi ikipita hivi hivi, nauza kamera."

Mimi (shule niliacha darasa la saba, lakini sipiti karatasi yenye picha bila kuiokota) nilikuwa nimesoma habari za ndege za kivita zinazotua juu ya meli: mbawa hukunjwa ili zitoshee, na chini ya mkia kuna ndoano ya kunasa waya, ndege isimame. Nikachora bahari na meli ukutani mwa studio, halafu nikaenda Kawangware, mtaa uitwao Kongo, kwa Musyoka fundi wa kuchomelea, tukaunda ndege ya mteja kukalia. Spea zilikuwa za kuokoteza: kiti cha gari lililokufa, mabati, ekzosi mbili.

"Na hii ndoano ya nini?" Musyoka akauliza. "Si picha inapigwa kutoka mbele?"

"Sasa bila ndoano itatuaje?"

Akaniangalia, akachomelea.

Jumamosi nikaivuta kwa mkokoteni. Ndoano ikawa inakwaruza lami, nikaigeuza ikatazama juu (kosa langu lote ni hapo). Kufika vichochoro vya Makina nikakunja mbawa, nikainamisha kichwa, nikapita chini ya waya wa kuanikia nguo, na nilipohisi uzito nyuma nikadhani ni matope, nikavuta kwa nguvu zaidi.

Nikasikia kelele: "Shika huyo!" Nikatimua mbio. Siku zile mtu akikimbia hakuna aliyeuliza sababu. Maduka yakaanza kufungwa mbele yangu, moja baada ya lingine, nami kwa kuona yanafungwa nikajua vita vimerudi, nikazidi kukimbia na ndege yangu hadi studio.

"Mama, fungua, wanakuja."

"Akina nani?"

"Sijui."

Akachungulia nyuma yangu. "Hao ni majirani. Na hiyo unayoburuta kwa matope ni shuka yangu."

Nikageuka. Nguo za ploti nzima, gagulo kwa buibui, zimenifuata kama mkia, waya wake umenasa kwenye ndoano. Mbele ya waliokuwa wakinikimbiza walikuwa Mama Akinyi, Mjaluo, na Mama Njeri, Mkikuyu, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu fujo zianze. Mama Akinyi akaokota blanketi, likamlemea kwa maji.

"Mama Njeri," akasema, bila kumtazama, "shika huko tukamue."

Mama Njeri akashika. Wakakamua, wakaniangalia, wakaanza kucheka hadi blanketi likaanguka tena.

"Huyu rubani afue zote," Mama Njeri akasema, "na sisi tupigwe picha tukimngoja."

Ndiyo picha ile: wao wawili wamebanana ndani ya ndege, bahari nyuma yao, na mimi pembeni nimeinamia beseni. Wiki iliyofuata watu walipanga foleni kukalia ndege hiyo, kila mmoja akiuliza yule dobi yuko wapi, na kamera haikuuzwa. Ndoano niliikata mwenyewe, na tangu siku hiyo nikisikia kelele za "shika huyo", natazama kwanza ninachovuta, ndipo nikimbie.