Redio ya Juu ya Nguzo
Redio yetu haikuwa na masafa. Ilikuwa na vipaza sauti viwili vya bati vilivyofungwa juu ya nguzo ya mkaratusi pale Nateete, Kampala, waya mrefu, na chumba nyuma ya duka letu la viatu vya mitumba. Humo mume wangu aliweka maikrofoni na kaseti zake. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, biashara imefunguka, nasi tulikuwa tumetoka Kenya kutafuta riziki. Tulitangaza mbuzi waliopotea, mikutano ya mtaa, nyanya zilizofika sokoni. Katikati ya matangazo mume wangu alipiga muziki wa kantri. Kantri tu! Mtu wa Kakamega, hajapanda farasi maishani mwake, lakini gitaa la Marekani likianza kulia anafumba macho kama yuko kanisani.

Soko lilimcheka. "Hawa bazungu wanalia nini kila siku?" aliuliza mama muuza nyanya, jirani yetu. "Nani alikufa?"

Swali hilo ndilo lililoipa redio yetu kazi. Siku familia moja ilipoleta tangazo la msiba, mume wangu alitanguliza wimbo wa taratibu kuliko nyimbo zote alizokuwa nazo, kwa heshima. Familia ya pili ikaomba uleule. Baada ya muda ikawa desturi: gitaa likilia, mizani zinatulia, wanaume wanavua kofia, kila mtu anasubiri kusikia ni nani. Kaseti nyingine za kantri tulizifungia sandukuni, maana sasa gitaa lolote likilia tungewaua watu bure. Mume wangu alinung'unika wiki nzima. Mimi nilishukuru, kwa kweli zilikuwa zimenichosha.

Kisha akaugua yeye. Vidonda vya tumbo alivyokuwa akivificha vilimshinda, akatapika damu, tukamkimbiza hospitali ya Mulago. Daktari, "musawo" kwa Kiganda, akasema lazima apasuliwe, na watu wa kumtolea damu watafutwe upesi. "Ndugu zake wako wapi?" akaniuliza. Ndugu zake! Walikuwa Kenya, safari ya siku nzima, naye hakuwa na siku nzima. Mimi nilikuwa na mimba, wakanikataa. Nikarudi Nateete mbio kutangaza.

Kwetu tangazo zito halikwenda bila wimbo, na mkono ukafanya ulichozoea: gitaa likalia juu ya soko lote. Wimbo ulipokwisha nikawasha maikrofoni, nikafungua mdomo, kilio kikanishinda. Nilichowatangazia watu wa Nateete ni kwikwi peke yake.

Nilipotoka nje, uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wamejifunga leso kiunoni, wanaume wamebeba kuni, mmoja ana mkungu wa matoke begani. Mama muuza nyanya akanikumbatia.

"Pore, nnyabo. Pore, mama. Tunamuzika hapa ama tunamupereka Kenya?"

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Yuko Mulago, anataka damu!"

Niliogopa. Walikuwa wameacha meza zao kwa ajili ya maiti ambayo haikuwapo. Mama muuza nyanya akazitazama kuni, akanitazama mimi.

"Sasa shida ni nini?" akasema. "Si watu iko hapa tayari?"

Lori la matoke lilikuwa limemaliza kushusha mzigo. Wakapanda.

Nimeishi Kampala muda mrefu na nimeona mengi, lakini sijaona tena kitu kama benchi lile la hospitali. Watu waliovaa kwa ajili ya maziko walikaa wamekunja mikono ya nguo, wakingoja sindano. Wengi wao hatukuwa tumezungumza nao zaidi ya kubishania bei ya viatu. Nilitaka kuwaambia ahsante, nikaliona neno lenyewe dogo mno.

Mume wangu alipona. Bado yuko, bado anapenda kantri, na siku hizi simkatazi. Nikimwona ameketi uani amefumba macho, namkumbuka muuguzi aliyetoka mlangoni siku ile, akashtuka kuona waombolezaji wamejaa ukumbini kwake.

"Poleni jamani," akasema. "Mmefiwa na nani?"

Mama muuza nyanya alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akainuka, akamnyooshea mkono.

"Bado, musawo," akajibu. "Leo tumekuja mapema."