Mgonjwa Anayepona kwa Fundi

Nyumbani kwetu hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Redio ina nguo, televisheni ina nguo, kopo la sukari lina nguo, hata rimoti ina kisweta chake cha manjano chenye matundu ya vidole. Mfumaji wa yote haya ni mama yangu. Kwake yeye, kitu kisichovikwa ni kitu kisichopendwa, na ukimbishia atakufumia na wewe.

Kwa hiyo wifi yangu, mke wa kaka, aliponunua laptopu, Mama aliipima kwa futikamba, akakaa wiki tatu na sindano zake, akatoka na sweta la sufu la buluu. Lilifunika mgongo wa kioo na tumbo zima la mashine, likafungwa kwa vifungo vinne upande wa chini. Vilivyobaki wazi ni kioo na vibonye tu. Wifi alilipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mama," akasema, huku macho yake yakinionya nisicheke.

Wifi ni muuguzi wa wodi ya watoto, mwaka wa kumi na tisa sasa, daraja lile lile. Mabinti aliowafundisha kushika sindano ndio leo wanaomsainia likizo. Ili kupanda kuna mtihani, unaufanyia nyumbani kwenye kompyuta uliyoisajili, kamera ikikutazama, na nafasi ni tatu tu maishani. Ya kwanza alifeli kwa haki, mwenyewe anakiri. Ya pili laptopu iliganda, zikapita dakika kumi hajarudi, mfumo ukamfungia nje. Iliyobaki ilikuwa moja, Jumamosi saa nne asubuhi.

Kwa miezi miwili nyumba nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Mshale ulikuwa unasimama katikati ya kioo, vibonye havijibu, feni inalia humo ndani, basi. Kaka alisema ni virusi. Mimi nikasema ni mtandao, maana mtandao hausingiziwi. Mama akasema ni kijicho cha watu. Tulibadilisha chaja, tukahamisha meza kutoka dirishani, wifi akaondoa picha zote za harusi yake ili kuipunguzia mzigo. Ikatulia siku mbili. Siku ya tatu ikaganda tena, na wifi akaanza kuisogelea kwa woga, kama mtu anayekwenda kusomewa majibu ya vipimo.

Fundi wa kompyuta ana kibanda karibu na duka la viatu, mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaiacha icheze video kutwa nzima. Haikuganda hata mara moja.

"Dada, mgonjwa wako ni mzima," akasema.

Ilipofika nyumbani, haikumaliza saa. Ikarudishwa, ikapona, ikaletwa, ikaugua. Mara ya tatu fundi alijaribu utani. "Labda haipendi kwenu." Wifi hakucheka. Aliichukua laptopu yake akaikumbatia kifuani.

Safari hiyo ya tatu nilimsindikiza. Hatua chache kabla ya kibanda, kwenye kona ya duka la viatu, alisimama, akafungua vile vifungo vinne upesi upesi, akalikunja sweta na kulizika mkobani chini ya mwavuli. Alikuwa anaona aibu, na hata mimi ningeona. Wakati wa kurudi, kona ile ile, akalivisha tena, kwa sababu Mama hutupokea mlangoni na jicho lake huanzia kwenye kazi ya mikono yake. Niliyaona yote hayo nikanyamaza.

Jumamosi chai ilimshinda. Alisema vidole vyake vimekufa ganzi, akavisugua kwenye sketi mpaka nikamwambia aache. Kaka alitolewa nje kwa kosa la kukohoa. Mimi na Mama tukakaa ukumbini, mlango umerudishwa, namba ya fundi ipo tayari kwenye simu yangu. Niliogopa sana siku ile. Kumwogopea mtu mwingine ni kubaya kuliko kujiogopea, maana huna la kufanya na mikono yako.

Saa tano kasorobo tukamsikia.

"Imeganda."

Alilisema polepole, na ule upole ndio ulionitisha. Tukaingia; kamera nayo ilikuwa imeganda, hapakuwa na wa kutuona. Dakika kumi. Nikampigia fundi, nikaweka spika.

"Shikilia kitufe mpaka izime, kisha uwashe," fundi akasema.

Ikazimika. Ikawaka, ikafika nusu, ikasimama. Zikabaki dakika saba. Fundi akauliza taratibu, "Dada, kwangu inafanya kazi kutwa. Huko haifikishi saa. Ukinileteaga, kuna kitu chochote unachokibadilisha?"

Wifi akanitazama. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kwenye egemeo la kiti. Nimewahi kumsikia wifi wodini akiwakemea kina mama wanaoficha mtoto ameharisha siku ngapi. Mficha maradhi kifo humuumbua, huwaambia, na hamwonei mtu haya. Sasa alikuwa ameufumba mdomo wake, na saa ya ukutani, ndani ya nguo yake ya waridi, inakwenda.

"Ina sweta," akasema.

"Ina nini?"

"Sweta. La sufu. Linafunika chini yote. Nikija kwako namvua... naivua."

Fundi akashusha pumzi. "Chini ndiko inakopumulia, dada. Ivue sasa hivi, ipepeeni. Msiiwashe mpaka ipoe."

Mama alivifikia vifungo kabla yetu. Aligusa tumbo la mashine, akaurudisha mkono wake haraka. Juu ya sufu usingehisi kitu. Chini yake palikuwa pasi. "Mtoto wa watu anachemka," akasema, "mimi namfunika, na wewe muuguzi unanitazama." Hakupandisha sauti. Alichukua sinia akaanza kupepea, mimi nikaiinua laptopu juu ya vitabu viwili. Tukangoja hivyo dakika tatu.

Ikawaka. Wifi akakosea nywila, akaandika upya, na swali la thelathini na tatu likamrudia ikiwa imebaki nusu dakika. Kamera nayo ikaamka. Tukatoka tukitambaa ili isituone, Mama na magoti yake mabovu akitangulia.

Alipofungua mlango alikuwa na alama sabini na mbili. Ya kufaulu ni sabini. Akakaa sakafuni pale ukumbini akalia, nami nikalia naye, na Mama akangoja tumalize. Alikuwa na lile sweta mapajani, anachambua vumbi kwenye vifundo.

"Huwa unalivulia wapi?" akauliza.

"Kona ya duka la viatu, mama. Nisamehe."

"Na kofia niliyokufumia ya kwendea kazini?"

Wifi akatazama sakafu. "Kona hiyo hiyo."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi, mwanawe wa kuzaa, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, ambaye asubuhi ya kila siku ya kazi anaagwa mlangoni akiwa amevaa blauzi ya kijani ya kufumwa.

"Na wewe?"

"Mimi sifiki hata kwenye kona, mama," nikasema.

Akalikunja sweta la buluu mara mbili, mara nne, akalirudisha mapajani.