Kifaransa cha Ripoti Yangu

Mwalimu wangu wa darasa alipenda maneno makubwa. Nilipomaliza kidato cha tatu aliniandikia moja kwenye ripoti, chini ya alama zilizokuwa zikijikokota, tena kwa wino mwekundu: eti nina tabia ya laissez-faire.

Rafiki niliyeketi naye dawati moja alinieleza, kwa uhakika wa mtu asiyejua lolote. "Laissez ni lazy, yaani mvivu. Faire ni fair, yaani kiasi. Wewe ni mvivu wa kiasi."

Baba alikuwa mkata miwa huko kwetu Butali, na muhula ulipoanza alinionya waziwazi: "Mimi sikatangi miwa ya kusomesha mvivu. Ripoti ikija mbaya, jembe ndilo hilo." Baba hakutishia mtu bure. Dada yangu alitolewa shule kidato cha pili, na jembe lake liliegemea ukuta wa jikoni.

Nilipofika nyumbani baba aliniambia nimsomee ripoti, maana Kiingereza hakukijua. Nikazipitia alama mbio mbio.

"Na hiyo nyekundu?"

"Ni Kifaransa, baba."

"Inasema nini?"

"Inanisifu."

Sijui ni shetani gani aliyenituma. Ningesema sijui, yangeishia hapo. Sasa baba akatangaza shambani, akatangaza sokoni, kwamba binti yake amesifiwa kwa Kifaransa. Kila aliyenipongeza nilimchukia. Halafu, Alhamisi, baba akasema Jumapili tutampelekea padre mzungu aliyewahi kukaa Kongo, atusomee vizuri. Siku tatu hizo niliacha obusuma, ugali wetu, sahanini, na mama akaniuliza kama nina malaria. Laiti ingekuwa malaria.

Baada ya misa, padre aliisoma ripoti yote, na alama pia, polepole kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Kisha akanitazama. Nikajua ameugundua uongo wangu.

"Neno kwa neno," akamwambia baba, "hapa pameandikwa: mwache afanye."

Baba akakunja uso. "Afanye nini?"

"Hilo muulize mwenyewe."

Wakanigeukia wote wawili. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa radi, na mimi radi naiogopa mpaka leo.

"Mtihani, baba," nikasema. "Wa mwakani. Niache nifanye mtihani."

Baba aliikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa shati, akamshukuru padre. Tulitembea kupita kanisa, kupita kisima, mpaka miwa ikaanza pande zote mbili za njia. Hapo ndipo aliposema, bila kunitazama:

"Haya, fanya. Lakini padre sijamsikia akikusifu."