Profesa wa Ndama

Tangu Hezekiah alipohudhuria semina ya ufugaji ya nusu siku pale mjini Kaplong na kurudi na kofia ya bure, hakuwa tena mkulima wa majani chai kama jirani zake. Alikuwa Profesa. Wanachama wa kikundi cha maziwa walimpa jina hilo kwa kumtania, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Ng'ombe wake mzee, baada ya kuzaa madume manne mfululizo, alimletea ndama jike mmoja, na kila mtu alijua mama huyo hatazaa tena. Tumaini lote la boma likawa kwa huyo ndama. Basi Hezekiah akaamua kumlea kisayansi. Nyasi na maji alipiga marufuku, eti vinachafua tumbo. Badala yake alimkorogea kwenye maziwa ile chumvi ya madini ya ng'ombe wa kukamuliwa, kwa sababu mfuko ulikuwa na picha ya ng'ombe mnene, na yeye alitaka ndama afanane na picha.

"Baba Vinny, hiyo si ni ya ng'ombe kubwa?" mkewe Chepkorir alimwuliza.

"Wewe ulienda semina?"

Wiki ya pili ndama alianza kuhara, siku ile ile kikundi kilipokuja kwake kujifunza kulea ndama. Watu ishirini waliketi kwenye viti vya kanisa wakinywa chai, mwenyeji akisifia zinki iliyomo kwenye chumvi yake, ndama akijiharishia nyuma yake. Chepkorir hakungoja ruhusa. Alimpigia simu Nyabate, daktari wa mifugo wa Chepilat, akamweleza habari ya ile chumvi.

Nyabate alipofika alimpapasa ndama tumbo, kisha akauliza mbele ya wote, "Mzee, hiyo chumvi umekuwa ukimpatia kijiko ngapi?"

"Kidogo tu. Nusu kijiko."

"Niambie ukweli. Hii ndama bado ni ya maziwa, tumbo ya kusaga nyasi haijakomaa. Madini ikizidi inaua. Nikikosea dawa, tunaizika leo."

Hezekiah aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alimtazama ndama, akamtazama mkewe.

"Vijiko tatu," alisema. "Kubwa. Kila asubuhi."

"Kama ni hivyo, bado tumewahi," Nyabate alisema, akafungua mkoba.

Hezekiah alishusha pumzi, akageuka. Wanakikundi wote ishirini walikuwa wameinamia madaftari yao, wakiandika kipimo cha Profesa: vijiko vitatu, vikubwa, kila asubuhi.