Neno la Kuongeza

Mkalimani wa mahakama alikuwa na daftari la maneno ambayo Waingereza huyatumia wanapoachana. Jamani, watu wale wana maneno! Mara wamevunjika, mara kila mmoja kapeperuka upande wake. Kazi yake ilikuwa kuyasema kwa Kiswahili, tena kwa "mimi", kana kwamba ndiye anayeachana. Asipunguze wala asiongeze. Miaka kumi na tisa, kwa kinywa chake, ameacha wake na waume wasiohesabika. Mumewe mwenyewe aliondoka Jumanne moja, miaka minane iliyopita, na sanduku lake, bila kumwachia hata neno la kutafsiri.

Leo mume mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo alieleza kwa Kiingereza kwamba yeye na mkewe walipeperuka tu.

"Tuliachana polepole, bila ugomvi," mkalimani akamwambia mke.

Mke hakumtazama mumewe. Alimkazia macho mkalimani. "Kwani nilikukosea nini?"

Mkalimani akamfikishia mume swali. Mume akainamisha kichwa, akachezea saa yake. Mke bado alikuwa anamwangalia mkalimani usoni, akingoja. Swali lenyewe mkalimani alikuwa amelala nalo kitanda kimoja kwa miaka minane.

"Amejibu nini?" hakimu akauliza.

Alipaswa kusema kwamba hajajibu. Badala yake alimwinamia mke, akasema taratibu, "Hukunikosea kitu."

Miaka minane alikuwa akiyangoja maneno hayo, na ikabidi ayaseme yeye mwenyewe.