Neno Lisilotajwa Mbele ya Mkwe

Nina hamu na mtoto mmoja ambaye si wangu. Aliletwa wodini kwetu Bariadi kutoka upande wa Mwandoya, watu wakiwa kwenye mavuno ya pamba. Alikuwa wa umri wa chekechea, na malaria ilikuwa imemlemea hata sindano hakuilalamikia. Mtoto asiyelia nikimchoma hunitia hofu. Namtaka anipigie kelele, anipige na teke akiweza.

Alikuja na mama yake na babu yake mzaa baba. Baba mtu alikuwa mbali na ng'ombe akitafuta malisho, kwa hiyo mzee ndiye aliyebeba safari. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, fimbo mapajani, wala hakubanduka. Mama, kwa kuwa mzee alikuwa mkwewe, alikaa sakafuni upande wa pili akitazama chini.

Malaria kali inaweza kuzishika figo, na figo za mtoto zikikwama hazipigi kelele. Mara nyingi ishara ya mapema ni mkojo kupungua. Ndiyo maana daktari kila akipita aliuliza, "Mama, amekojoa?" Mama alijibu, "Ndiyo," kwa sauti ya kunong'ona. Daktari akaridhika, dripu ikaendelea.

Mimi sikutulia. Kope za mtoto zilikuwa zimevimba, na nikibonyeza mguu wake kidole kiliacha shimo. Maji yanaingia, yanatokea wapi? Vitambaa alivyolalia sikuwahi kuvikuta, maana mama alivikusanya na kuvifua mara moja, vikavu kwa vibichi, mkwe asije akaviona. Wodi nzima tulimsifu kwa usafi.

Nilipomtazama mzee na fimbo yake ndipo akili ikanijia. Mimi nimezaliwa Itilima, nimeolewa, nina mkwe. Neno lile hulitamki mbele ya baba mkwe hata ukishikiwa panga. Sisi na vyeti vyetu tulikuwa tunamuuliza mwanamke yule swali ambalo "ndiyo" ndilo jibu linalolimaliza upesi.

"Babu, nenda kanywe chai," nikamwambia.

"Nimeshakunywa."

"Kanywe tena. Tunataka kumwogesha mjukuu wako, hapa wabaki wanawake."

Akainuka akinung'unika. Alipotoka nikachuchumaa karibu na mama, nikamwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Mayu, niambie mimi. Mtoto amekojoa?"

Machozi yakamtoka. "Tangu tufike, dada, bado. Nyumbani alikojoa kidogo, ukawa mweusi kama kahawa."

Tulipomwekea mpira wa mkojo yalitoka matone tu, meusi kweli. Dripu ikapunguzwa, na kipimo cha damu kikathibitisha tulichokiogopa. Daktari akapiga simu Mwanza, kwenye mashine ya kusafisha damu. Mzee alipoelezwa sababu ya safari, alimtazama mkamwana wake kwa muda mrefu.

Wakati wa kumpakia kwenye gari la wagonjwa, mtoto alifumbua macho. Akanitazama, akakamata kidole changu, akakishikilia mpaka ikabidi nikichomoe ili mlango ufungwe. Niliporudi wodini nilikuta kitanda kimeshatandikwa upya, nikamkasirikia aliyekitandika, ingawa alikuwa anafanya kazi yake. Siku zilizofuata kila simu ilipolia niliikimbilia. Sijawahi kutamani habari ya mkojo wa mtu kiasi kile.

Simu ilipokuja ilikuwa namba ya mama, lakini sauti ilikuwa ya mzee. Hakunisalimu. "Muuguzi, mtoto amekojoa," akasema, kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano wa kijiji. Nyuma yake nilimsikia mkamwana wake akicheka huku analia.

Walipotoka Mwanza walipitiliza nyumbani, nami zamu yangu haikuniruhusu kwenda kuwaona. Sasa mtoto yuko shuleni. Mama hunipigia mara mojamoja, na kila mara nasema nitakuja Mwandoya, na kila mara nashindwa. Juzi nilimuuliza kama mtoto ananitaja.

"Hakumbuki kitu, dada. Ukimwambia aliwahi kulazwa Bariadi, anabisha."

Nikasema afadhali, mambo yale si ya mtoto kukumbuka. Tukaagana vizuri. Kisha nikakaa na simu mkononi, nikitamani angenikumbuka hata kidogo.