Koko Gertrude na Habari za Majeruhi

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, mwaka wa kumi na tisa huu, na jirani yangu alinikataa. Koko Gertrude (koko kwetu ni bibi), mjane wa mvuvi, anabanika samaki hapa karibu na maporomoko ya mto. Ukuta mmoja tu unatutenga, na bado akachagua redio.

Sababu ya kujifunza Kiingereza alikuwa nayo. Mwanawe Nephtali anaishi Uingereza na binti yake wa miaka minane, Benie, asiyejua Kiswahili wala Lingala. Kila Jumapili baada ya misa Nephtali alipiga simu ya video, na kila Jumapili mtoto alipunga mkono, akaona haya, akakimbia. Koko alibaki akitazama kiti kitupu. Lilimuuma sana jambo hilo, na hakulificha.

"Nikufundishe," nikamwambia. "Tuanze na vitenzi."

"Maître Camille, Kingereza yako iko ya tableau, ya ku ubao tu," akanijibu. "Batoto yako banasoma miaka sita, mugeni akifika banakimbia. Mimi nitasikiliza habari ya ballon."

Nilinuna wiki nzima, maana alisema kweli.

Basi mwaka mzima alibanika samaki huku redio ikisoma habari za mpira kwa Kiingereza. Neno lililomshinda alimuuliza yeyote apitaye, isipokuwa mimi. Nani kashinda, hakujali hata kidogo. Alichopenda ni habari za majeruhi: nani kaumia paja, nani karudi mazoezini, nani atakosa mechi tatu.

"Bale bazungu banaulizana hali sawa na batu," alisema, ameridhika.

Jumapili moja akaniita nimshikie simu. Nilikwenda na kamusi kwapani, na Mungu anisamehe, nilitamani akwame.

Kwetu husalimii mtu mmoja ukanyamaza. Unauliza hali ya kila aliye nyumbani, mmoja mmoja, ndipo maongezi yaanze. Benie alipotokea, Koko akajitengeneza kitenge, akaanza kwa Kiingereza.

"Habari za asubuhi. Baba yako yuko fiti kwa mechi ya Jumamosi?"

Mtoto, aliyekwisha kuinuka akimbie, akasimama. "Baba hachezi mpira."

"Bado ni majeruhi?" Koko akasikitika. "Na mama yako, amerudi mazoezini?"

Niliona aibu kwa niaba ya lugha nzima. Nikafungua mdomo nisahihishe, Koko akanikanyaga mguu.

Lakini Benie alikuwa anacheka, na alikuwa amerudi kitini. Mama ana mafua, akasema, atakosa mechi mbili. Paka amepewa kadi nyekundu kwa kuiba kuku mezani. Koko akamuuliza hali ya majirani, ya mwalimu wake, ya rafiki zake wote, na mtoto akajibu bila kuchoka. Kamusi yangu haikufunguliwa.

"Na wewe, Koko?"

"Goti linanisumbua. Lakini kocha bado ananipanga."

Benie akafikiri, akasogeza uso karibu na simu. "Mkataba wako unaisha lini?"

Koko ana miaka sabini na minne. Kila neno la swali lile nalijua tangu shuleni, na bado nikaitupia jicho kamusi.

"Mazungumzo yanaendelea," akasema Koko.

"Waambie unataka kubaki."

"Nawaambia kila asubuhi," Koko akamjibu mjukuu wake.